Mafundi wawili, matofali 136 kwa siku: kisa cha nyumba ya Mshomoroni

Ujumbe wa sauti uliingia Jumatano usiku, saa tatu na robo. Mwenye nyumba anafanya kazi Doha, na nyumba yake inajengwa Mshomoroni, ndani kidogo, mahali ambapo lori haliingii. Mimi ndiye msimamizi wake. Yeye ni binti wa marehemu rafiki yangu, huniita ami, na pesa anazotuma najua zinavyopatikana.

"Shikamoo ami. Nimekaa nimehesabu. Siku nne, mafundi wawili, matofali 544. Ni 136 kwa siku, kila mtu 68. Nimesoma kwamba fundi wa Uingereza peke yake aweka 500 kwa siku. Hawa wetu wanajenga ama wapiga soga? Masika yaja, ami. Nataka bati liwe juu kabla ya mvua."

Hofu yake ya masika ilikuwa ya haki. Tulikuwa Februari, na Mombasa mvua kubwa huanza mwisho wa Machi au Aprili, Mei ikawa ndiyo mwezi wa kujaa maji. Ukuta ulio wazi juu hunywa maji, na mbao za linta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, zikilowa na kukauka hupinda. Kwa hiyo sikumjibu kwa hasira. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe kesho. Nitakaa nao kutwa nzima na saa mkononi, kisha nikwambie nilichoona."

Hesabu yake ya Uingereza niliishughulikia usiku ule ule, maana ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi. Tofali la Kiingereza ni dogo: urefu milimita 215, upana 102.5, kimo 65. Ukuta wa safu moja, unene wa milimita 102.5, huchukua matofali 60 kwa mita mraba. Matofali 500 basi ni mita mraba 8 na theluthi. Tofali letu la saruji, lile la unene wa inchi 6, lina uso wa milimita 390 kwa 190. Ukiongeza kiungo cha simiti, yaani saruji iliyokorogwa na mchanga, cha milimita 10 kwa urefu na kwa kimo, mita mraba moja hula matofali 12 na nusu. Ukuta ule ule wa yule fundi wa Uingereza, kwa matofali yetu, ni matofali 104. Na lake hulishika kwa mkono mmoja, kilo mbili hadi tatu, huku mkono wa pili ukiwa na mwiko. Letu lisilo na tundu ni kilo 22 hivi, la kukumbatiwa kwa mikono miwili, na mwiko unatuliwa chini kila mara.

Ila hesabu hiyo haikuwaokoa mafundi wetu. Hata baada ya kuibadilisha, 68 ni theluthi mbili tu ya 104. Theluthi moja ilikuwa inapotelea mahali.

Alhamisi, saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni

Timu ilikuwa ya watu watatu. Fundi mkubwa, mtu wa makamo, mkono wake naujua tangu nyumba za Kiembeni. Fundi kijana, mpwa wake. Na saidia fundi mmoja, ambaye alikoroga simiti, akabeba simiti, akabeba matofali, akachota maji, akasogeza jukwaa na kwenda kununua mahamri na chai. Malipo yalikuwa ya kutwa: fundi shilingi 1,500, saidia 800.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini, nikamfuata fundi mkubwa peke yake, kila dakika mikono yake inafanya nini. Siku ya kazi ni saa tisa. Ukitoa saa moja ya chakula na sala ya adhuhuri zinabaki saa nane, yaani dakika 480. Zilikwenda hivi.

Kuweka matofali hasa, mwiko mkononi: dakika 171. Kungoja simiti: 84. Kungoja maji asubuhi: 55. Kwenda mwenyewe kuchukua matofali: 62. Kupanga uzi, timazi na pimamaji: 48. Kufunga na kusogeza jukwaa: 40. Chai: 20.

Siku ile aliweka matofali 71. Mpwa wake 66.

Tazama hiyo 171. Mtu aliyelipwa kutwa kwa sababu anajua kuweka tofali, aliweka tofali kwa muda usiofika saa tatu. Na katika saa hizo tatu hakuna aliyeweza kumwita mvivu. Nilimtazama kwa karibu, hatua tatu kutoka kwake. Anachota simiti kwenye karai, anaimwaga juu ya kozi, yaani safu ya matofali, kwa mkupuo mmoja mrefu, anarudi na ncha ya mwiko kuichimba mfereji katikati ili tofali likikaa simiti itambae pande zote mbili. Anapaka kichwa cha tofali, vipande viwili, kushoto na kulia. Anainama, analinyanyua, analishusha polepole likigusa mwenzake ubavuni kabla ya kugusa chini. Anagonga mara mbili kwa mpini wa mwiko, jicho kwenye uzi. Simiti iliyofura nje anaikwangua kwa pigo moja kutoka chini kwenda juu, na ile aliyokwangua haidondoki: anaisukumia kwenye kiungo cha wima cha tofali lililopita. Palipo sawa, ukuta mrefu usio na dirisha, ilimchukua dakika moja na sekunde arubaini. Penye kona dakika nne, tano, kwa sababu kona haina uzi wa kuifuata. Kona ndiyo inayoshika uzi. Wastani wa siku ulikuwa dakika mbili na sekunde ishirini na nne kwa tofali.

Sasa angalia zilikopotelea zile nyingine.

Maji kwanza. Kiwanjani kuna kisima, lakini maji yake ni ya chumvi, kama visima vingi vya Kisauni. Fundi mkubwa aliyakataa siku ya kwanza na mimi nilimuunga mkono. Chumvi kwenye simiti hutoka baadaye juu ya plasta kama unga mweupe, na penye chuma, kama kwenye linta, huleta kutu ndani kwa ndani. Kwa hiyo tulinunua maji ya mkokoteni, mitungi ya lita 20. Mwenye mkokoteni naye ana wateja wake wa majumbani, na asubuhi huanza na wao. Alhamisi ile alifika saa mbili kasoro dakika tano. Watu watatu waliolipwa walikuwa wameketi chini ya mwarubaini tangu saa moja.

"Twangoja maji, bwana," fundi mkubwa aliniambia, bila kulalamika, kama mtu anayesema jua limetoka.

Matofali ya pili. Lori liliyashusha barabarani, hatua sabini hivi kutoka msingi, kwa kuwa kichochoro hakilipitishi. Saidia alipokuwa akikoroga, fundi alikwenda kubeba mwenyewe, mawili kwenye wilibaro yenye gurudumu bovu. Sijui kwa nini tumezoea kuona jambo hilo ni la kawaida. Umemlipa mwenye ujuzi shilingi 1,500 afanye kazi ya shilingi 800, tena anaifanya kwa ubaya kuliko mwenye kazi yake.

Na simiti. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mwendo na uimara vinapokutana. Saidia, kwa kujua atalemewa baadaye, alikoroga mfuko mzima asubuhi, lundo moja kubwa. Saruji ya daraja la 32.5, ambayo ndiyo tunayoitumia wengi, kipimo chake kinataka isianze kushika kabla ya dakika 75. Lakini kipimo hicho hufanywa maabara, kwenye nyuzi 20. Mshomoroni mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, ni nyuzi 32 na zaidi, na lundo liko juani. Kufikia saa nne lilikuwa gumu kwenye mwiko. Saidia akalimwagia maji akalikoroga upya, likalainika, na fundi akaendelea. Ulaini ule ni wa uongo. Simiti iliyokwisha kuanza kushika, ukiivunja na kuiongezea maji, hairudishi nguvu yake. Kisha lundo likaisha saa sita kasoro na ikabidi wangoje la pili. Dakika 84 za kungoja zilitoka hapo, pamoja na kozi mbili ambazo mimi moyoni sizipendi mpaka leo.

Jioni nilimtumia binti hesabu yote, kama nilivyoiandika hapo juu. Akajibu kwa maneno machache: "Kumbe." Kisha baada ya dakika kumi: "Sasa tufanye nini, ami?"

Tulichobadilisha Ijumaa

Ijumaa hatukuweka tofali hata moja. Hilo lilimuuma, nikamweleza kwamba mpaka saa tano na nusu, kabla watu hawajaenda kuoga wajiandae kwa sala, tutapanga kiwanja tu.

Nilimwongeza saidia wa pili. Kijana wa pale pale mtaani, shilingi 800. Mmoja akawa wa simiti, mmoja wa kubeba. Nikanunua mapipa mawili ya lita 200, na mwenye mkokoteni tukakubaliana ayajaze jioni, wakati ambapo hana haraka, badala ya asubuhi. Matofali yakaingizwa ndani ya msingi, yakapangwa mafungu mafungu sambamba na kila ukuta, yakiacha njia ya hatua moja tu kati ya fungu na ukuta, na mafungu yenyewe kimo cha kiuno. Simiti ikawa nusu mfuko kwa mara moja, saruji moja kwa mchanga nne, chini ya kivuli cha turubai, na kila karai iishe ndani ya saa moja. Matofali yananyunyiziwa maji kabla ya kuwekwa, yasiloe, yapoe tu kiu. Tofali kavu lililochomwa na jua hunyonya maji ya simiti kabla saruji haijayatumia. Na fundi mkubwa asubuhi anasimamisha kona, mpwa wake anafuata kujaza katikati kwa uzi.

Hakuna geni katika hayo. Mmarekani Frank Gilbreth alianza kujifunza uashi mwaka 1885 akiwa na miaka 17, na jambo lililomshangaza ni kwamba kila fundi aliyemfundisha alikuwa na njia yake, na fundi yule yule alikuwa na njia nyingine akiwa na haraka. Akaanza kuhesabu miondoko. Aliikuta 18 kwa tofali moja, akaipunguza hadi 5, na Frederick Taylor alipoandika habari hizo mwaka 1911 alisema mafundi waliokuwa wakiweka matofali 120 kwa saa walifika 350. Ni matofali madogo ya mkono mmoja, usiyalinganishe na yetu. Kinachonigusa mimi ni namna alivyofanya: hakumwambia fundi akimbie. Alitengeneza jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, matofali na simiti yakae juu ya meza kimo cha kiuno, fundi asiiname. Na akaweka kibarua wa malipo madogo kuyachagua matofali na kuyapanga, uso mzuri ukiwa tayari upande wake, fundi asiligeuzegeuze mkononi. Kwa maneno mengine, mwendo wa fundi aliutafuta kwa saidia wake.

Wazee wetu waliojenga Mji wa Kale kwa mawe ya matumbawe wasingeweza kufanya hivyo hata wangetaka. Jiwe la matumbawe kila moja lina umbo lake, hugeuzwa mpaka lipate kitako. Na chokaa hushika kwa kunywa kaboni dioksidi iliyomo hewani, pole pole, majuma na miezi, basi ukuta mnene haukuweza kukimbizwa. Chokaa ndiyo iliyokuwa mnyapara. Saruji imetupa mwendo ambao wao hawakuwa nao, na ndiyo maana tumesahau kwamba nayo ina mpaka wake. Nitaufikia.

Jumamosi kila fundi aliweka 104. Jumatatu 112. Jumanne 109. Jumla matofali 650 kwa siku tatu, na kuta zote za nyumba zikafika usawa wa linta.

Jumanne nilirudi kwenye ndoo yangu na daftari. Fundi mkubwa: kuweka matofali dakika 291, kungoja simiti 19, kungoja maji hakuna, kuchukua matofali 8, uzi na timazi 52, jukwaa 35, chai na kupumzika 75.

Gawanya 291 kwa 109. Ni dakika mbili na sekunde arubaini kwa tofali. Mkono wake ulikuwa *mzito* zaidi ya Alhamisi kwa sekunde kumi na sita, na kazi imeongezeka kwa nusu. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Sababu alinieleza mwenyewe, tukila: "Zamani nikingoja simiti nalikuwa napumzika. Sasa simiti haingojewi, basi napumzika kwa kupumzika." Matofali 109 ya kilo 22 ni tani mbili na kilo mia nne, zilizonyanyuliwa na mgongo mmoja, juani. Lazima apumzike. Ukimwona fundi ameketi dakika kumi baada ya saa mbili za kuinama, mwache.

Na gharama. Wiki ya kwanza: mafundi wawili na saidia mmoja, shilingi 3,800 kwa siku, matofali 136, kila tofali lilimgharimu binti shilingi 28 za mikono. Baada ya saidia wa pili: shilingi 4,600 kwa siku, matofali 217 kwa wastani, kila tofali shilingi 21. Aliongeza mtu, na ukuta ukawa rahisi. Hili ndilo ninalotaka mwenye kujenga yeyote Mombasa alisikie, kwa sababu jambo la kwanza tunalofanya tukitaka kubana pesa ni kumwondoa saidia.

Jumatano ya kipande

Kisa kingeishia hapo, lakini hakikuishia, na sehemu hii nina mkono ndani yake.

Maseremala na watu wa vyuma walishika nyumba kutengeneza linta, na mafundi wakahamia ukuta wa ua, upande wa magharibi. Mita 12, umenyooka, hauna mlango wala dirisha. Binti alikuwa amefurahi na ile 109, na furaha ikazaa hamu. Jumanne usiku: "Ami, ukuta wa ua ni rahisi. Wape kipande. Shilingi 20 kwa tofali, waweke wawezavyo." Mafundi walipoambiwa, kijana alitabasamu. Mjomba wake alinyamaza. Ningepaswa kuuliza ukimya ule. Nilisema sawa, kisha asubuhi nikaondoka kwenda Kongowea kutafuta misumari na nondo, foleni ya magari ikanishika, nikarudi saa tisa unusu.

Walikuwa wamekwisha kunawa. Matofali 326. Kila mtu 163, shilingi 3,260 mfukoni, zaidi ya mara mbili ya kutwa. Ukuta ulikuwa umesimama kozi 11, mita 2.2, umetoka chini kabisa siku ile ile.

Nilisimama upande wa ndani, jua la jioni likiwa nyuma ya ukuta. Nikaona mwanga. Vistari vya wima vya mwanga, kimoja hapa, viwili pale, kisha nikaviona kila mahali. Viungo vya wima havikujazwa. Lile pigo la mwisho la mwiko nililolisifu, linalosukumia simiti ubavuni mwa tofali, ndilo la kwanza kuachwa mtu akilipwa kwa idadi, maana halihesabiki.

Nikateremsha timazi. Kozi saba za chini zilikuwa ndani ya milimita nne, naweza kuishi nazo. Kutoka ya nane ukuta ulianza kutoka nje, na juu kabisa ulikuwa umetoka milimita 22. Hakuna aliyefunga jukwaa. Walisimama juu ya mafungu ya matofali na pipa lililopinduliwa, wakafanya kazi mikono ikiwa juu ya mabega, na mtu wa namna hiyo hawezi kuona uzi wake. Mkanda wa chuma, ambao huwekwa kila kozi ya pili, kwenye kozi ya nane haukuwepo.

Nikapanda nikashika tofali moja la kozi ya kumi kwa mikono miwili nikalitikisa. Liling'oka. Liling'oka safi, tumbo lake jeupe kama lilivyotoka kiwandani, na simiti ikabaki chini yake, kavu juu, ikimeguka kwa kidole kama kisheti. Matofali yale hayakunyunyiziwa maji. Yalikaa juani tangu asubuhi, yakainyonya simiti kabla haijashika.

Huo ndio mpaka nilioutaja. Kanuni ya kazi ni kutopandisha ukuta zaidi ya mita moja na nusu kwa siku. Kwa tofali letu ni kozi saba. Simiti ya chini ingali mbichi. Ukiipakia uzito wote wa ukuta inabinyika, tena haibinyiki sawasawa, upande wenye simiti nyingi unashuka zaidi. Fundi anaweza kuwa na mkono mwepesi kupita wote wa pwani hii. Kozi ya nane ni ya kesho. Kwa ukuta mfupi wa mita 12, mafundi wawili wenye saidia wazuri huzifikia kozi saba kwa matofali 210. Baada ya hapo dawa si kupanda bali kuhamia ukuta mwingine, na hilo mimi ndiye niliyepaswa kulipanga, kwa kuwachimbia msingi wa upande wa kusini mapema. Sikulipanga. Nililaumu wengine jioni ile. Siku ya pili nilikuwa nimejua kwamba lawama kubwa ni yangu.

Fundi mkubwa nilimwambia tu, "Bwana, hizi nne za juu hazilali."

Akaangalia ukuta muda mrefu. "Nalijua zikipanda," akasema. "Lakini kijana ana mtoto hospitali, na pesa ilikuwa mbele yake."

Sikuwa na la kumjibu.

Alhamisi tulishusha kozi nne, matofali 116. Yaliyokwanguka vizuri yakarudi kwenye fungu, yaliyovunjika yakaingia kwenye kifusi cha sakafu. Viungo vya wima vya kozi saba za chini vikajazwa kwa ncha ya mwiko kimoja kimoja, kazi ya kuchosha kuliko kujenga. Ndipo wakaanza kupandisha tena, wakaweka 96. Niliwalipa kutwa.

Hesabu ya siku mbili ni hii. Yaliyobaki ukutani Jumatano 210, ya Alhamisi 96, jumla 306. Gawanya kwa mafundi wawili na siku mbili: matofali 76 na nusu kwa fundi kwa siku. Tulirudi karibu na wiki ya kwanza ya kungoja maji. Malipo ya kipande 6,520, saidia siku ile 1,600, na kutwa ya Alhamisi 4,600, zote shilingi 12,720. Kila tofali lililosimama liligharimu karibu shilingi 42 za mikono, mara mbili ya ile 21.

Tulivyomaliza

Nilimpigia binti simu badala ya kumwandikia. Nilimweleza kila kitu, na la kijana, na la kwenda kwangu Kongowea. Alikasirika, na alikuwa na haki. Kisha tukakubaliana njia ambayo mafundi wakubwa wa hapa wanaijua tangu zamani: kutwa yenye hesabu. Fundi analipwa 1,500 yake. Hesabu ya siku ni matofali 110 kwenye ukuta mnyoofu, 90 penye kona na madirisha, na mimi nakagua kwa timazi na kutazama viungo kabla ya kuandika. Hesabu ikitimia saa nane, mtu aende zake saa nane. Hakuna nyongeza kwa kuzidisha. Kwa kijana nilimpa malipo ya wiki mbili mbele, kwa siri, maana jambo lile halikuhusu ukuta.

Kuna wanaosema kipande hakifai kabisa. Mimi sisemi hivyo. Kuchimba msingi kwa kipande kunafaa, kubeba matofali kunafaa, kwa sababu shimo ama limefika kina ama halijafika, na utaliona kwa macho. Uashi una sehemu zinazofichwa na kazi yenyewe: simiti iliyo chini ya tofali hutaiona tena baada ya tofali kukaa. Kazi ya namna hiyo usiilipe kwa idadi peke yake kama huna mtu wa kusimama pale kutwa nzima.

Ukuta wa ua uliisha kwa 110 na 112 kila siku bila kishindo, tukipokezana pande mbili ili kila upande upate usiku wake wa kulala. Linta zilipofunguliwa, kozi tatu hadi nne za juu ya linta zilikwenda polepole: 82 kwa fundi. Matofali hupandishwa jukwaani kwa mkono, mmoja chini mmoja juu, na wilibaro haina kazi pale. Nilimwandikia binti namba hiyo nikingoja swali.

Hakuuliza kwa nini ni 82. Aliuliza kama jukwaa lina mbao za kutosha, na kama mapipa yamejaa ya kesho.